UZI: Je, kila Shiundu ni wa nyumba ya Nabongo?

#1 Njiapanda_Nakuru
Mulembe wadau. Swali ni fupi ila najua litaamsha waliolala. Hapa Nakuru ukitoka Shabab, upite Langa Langa hadi Kaptembwo, hukosi akina Shiundu. Mumias wapo, Isukha wapo, Lugari wapo. Na kila matanga, anayeshika kipaza sauti lazima aseme wao ni damu ya Nabongo (yaani mfalme) Shiundu, babake Mumia. Dai langu: wengi wao wana jina tu, ufalme wa Wanga, wale Waluhya wa Mumias, hauwahusu. Anayepinga alete njia ya kuthibitisha, asilete hasira.

#2 Elureko_Asili
Umezidisha chumvi. Shiundu alikufa 1882, Mumia akakaa kitini hadi 1949 na mwaka 1902 Waingereza wakamfanya chifu mkuu. Hao walikuwa watu wa wake wengi. Chukua hesabu ya kubahatisha tu: wana wa kiume kumi, kila mmoja azae wa kiume watano, na wao watano, na wao tena watano. Kizazi cha nne una wanaume 1,250, na hujahesabu binti hata mmoja. Wingi wa akina Shiundu usikushangaze.

#3 KaratasiKuukuu
@Elureko_Asili chifu mkuu ni 1909. Mwaka 1902 ni jambo lingine: tarehe 1 Aprili mpaka ulisogezwa na eneo hili likatolewa Uganda, lilikokuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki, likaunganishwa na upande wa Kenya. Nalitaja kwa sababu anayetafuta karatasi za kabla ya hapo Nairobi anatafuta nyumba isiyo yake. Nyingi zilibaki Entebbe.

Sasa hoja. Mnajadili "jina la ukoo" na Wanga haikuwa na kitu hicho. Mumia Shiundu maana yake ni Mumia mwana wa Shiundu. Watoto wa Mumia wakawa fulani Mumia, na wajukuu wakabeba majina ya hao watoto. Kwa mpango huo, aliyeshuka kuumeni moja kwa moja kutoka kwa Shiundu leo hangeitwa Shiundu kabisa, labda jina limrudie kwa kurithishwa la babu. Majina yaliganda baadaye, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kilipoletwa. Sheria ni ya 1915, utekelezaji ukaja baada ya Vita Kuu. Karani anauliza "unaitwa nani, baba nani", anaandika mawili, basi. Kwa hiyo la kwanza kuuliza familia yoyote ni hili: jina liliganda kwa nani, mwaka gani?

#4 Bibi_wa_Butere
Mwanangu Karatasi amesema vyema ila amesahau upande wa akina mama. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa kuumeni au wa kukeni. Binti wa Abashitsetse, ukoo wa kifalme wa Wanga, akiolewa Marama au Kisa, ana haki ya kumpa mwanawe jina la babake. Huyo mtoto ni Shiundu, na damu ya Nabongo anayo kweli, lakini ukoo wake ni wa babake. Hawezi kukaa na Abashitsetse wakigawa ng'ombe. Pale ni mwipwa.

Kwa hiyo msemaji wa matanga anaweza kuwa hasemi uongo, na Njiapanda naye asiwe amekosea.

#5 Njiapanda_Nakuru
Asante kukhu. Basi swali nilibadilishe: mtu anatofautishaje Shiundu wa kuumeni, wa kukeni, na wa jina tu?

#6 Mwanafunzi_wa_Milele
Na wa nne: aliyeitwa hivyo kwa sababu babu yake alimpenda chifu. Watoto wangapi waliitwa Kennedy mwaka 1963 na hakuna hata mmoja wa Massachusetts? 😂

#7 KaratasiKuukuu
@Njiapanda anza na wazee kabla ya karatasi, karatasi zinangoja. Chora shajara (miti ya ukoo) mbili kando kando, ya familia A na ya familia B, kila moja peke yake hadi ufike watu waliozaliwa kabla ya 1900. Usiwaweke wazee wa familia hizo mbili chumba kimoja. Mmoja akitaja "Netia" au "Osundwa", mwenzake naye atamkumbuka hapo hapo, na utakuwa umeshona nasaba mpya kwa chai ya saa nne.

Kwa kila mwanamume andika vitu vitano: jina, la kurithi alilitoa kwa nani, mama yake ni wa ukoo gani, alizikwa wapi, na dada zake waliolewa wapi. Hilo la mama ndilo kufuli. Majina ya wanaume yanajirudia kila baada ya kizazi kimoja, kwa hiyo katika vizazi sita unaweza kupata Shiundu watatu, na wazee huwakunja wakawa mmoja. Lakini Shiundu aliyezaliwa na mama wa Abakolwe na Shiundu aliyezaliwa na mama wa Abaleka hawawezi kuwa mtu mmoja. Usipoandika ukoo wa mama, shajara yako itapungua vizazi viwili na hutajua.

Kosa jingine ni kukadiria miaka kwa kipimo cha 25 kwa kizazi. Katika boma la wake wengi, kifungua mimba na kitinda mimba wa baba mmoja wanaweza kupishana miaka 40. Mjukuu anakuwa mkubwa kuliko baba mdogo. Tumia matukio: mafua ya 1918, nzige wa 1931. "Alikuwa anatembea nzige walipokuja" ni tarehe nzuri kuliko tarakimu yoyote ya kitambulisho cha zamani, maana wengi waliandikiwa Januari mosi.

#8 Bukusu_Kamili
Kuna rika pia. Mtu wa Kikwameti alitahiriwa kati ya 1912 na 1922, wa Maina kati ya 1960 na 1970. Tarehe inatoka papo hapo.

#9 Elureko_Asili
@Bukusu_Kamili hiyo ni Bungoma, mkuu. Ukimuuliza mzee wa Wanga rika lake kwa orodha yenu atakuangalia kama umeulizia bei ya ngamia.

#10 Bukusu_Kamili
Ndiyo maana hamjui umri wenu 😅
Ila inawasaidia katika jambo moja. Murunga, ndugu yake Mumia kwa baba, aliwekwa chifu upande wetu, Kimilili, enzi tukiitwa Kitosh. Na Mulama, ndugu mwingine, akawekwa Marama. Hawa hawakwenda peke yao, walikwenda na askari, waandishi na wapambe. Kwa hiyo unapata majina ya Kiwanga katikati ya Bungoma na Butere, na wenyewe wakiulizwa husema "tulikuja na chifu". Kuja na chifu si kuzaliwa na chifu.

#11 Ja_Sakwa
Hapo ndipo mnaponiita. Katika enzi hiyo hiyo ya Mumia kulikuwa na mtawala aliyeitwa Sakwa, Wanga Mukulu, tawi lililojitenga na Elureko (Mumias ya leo). Na sisi Jo-Sakwa tuko Bondo, wengine Awendo. Nimesoma zaidi ya mara moja mtandaoni mtu akiandika kwamba Sakwa wa Bondo ni wana wa Sakwa wa Wanga. Hesabu haikubali: Sakwa ya Waluo ni jina la kundi zima lililokuwapo kabla ya huyo Sakwa wa Wanga kuzaliwa. Mfanano wa sauti tu.

#12 Mwanafunzi_wa_Milele
Mumias kuna miwa, Awendo kuna miwa. Huo udugu si wa sauti, ni wa sukari.

#13 Ja_Sakwa
@Mwanafunzi wewe nenda kalale.

#14 Bibi_wa_Butere
Ja_Sakwa, usifunge mlango haraka. Wanga na Waluo wameoana miaka mingi mpakani, na Gem wamepakana na Wanga. Huenda jina lilivuka kwa mama, kama nilivyosema juu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema sauti peke yake haithibitishi wala haikanushi.

#15 Mpima_Ardhi_Mstaafu
Habari zenu. Mmesahau ardhi. Maeneo ya Mumias yalipopimwa na kusajiliwa, kila kipande kilipewa namba chini ya jina la sehemu, kwa mfano N. Wanga/Matungu, S. Wanga/Lureko, E. Wanga/Isongo. Unachotaka si hati aliyonayo mwenye shamba leo. Unataka grini kadi iliyoko kwa msajili, kwa sababu inaonyesha mwenye kwanza kabisa, tarehe ya kufunguliwa, na kila mtu aliyefuata. Pale palipoandikwa kwamba ardhi imepita kwa urithi, pameandikwa namba ya kesi ya mirathi. Hiyo namba ndiyo dhahabu.

Halafu tazama ramani ya sehemu hiyo, ile ya msajili yenye namba za vipande. Baba aliyekuwa na eneo moja akiwagawia wanawe kabla ya upimaji, vipande vyao hukaa bega kwa bega na namba hufuatana: 412, 413, 414, 415. Vipande huwa vyembamba na virefu, vinatelemka kutoka barabara ya juu hadi mtoni ili kila mwana apate maji. Ukiona fito nne za namna hiyo na majina manne yenye baba tofauti, uliza. Ama ni wajukuu wa babu mmoja, ama mmoja wao ni omumenya.

#16 Njiapanda_Nakuru
Omumenya ndiye mpangaji?

#17 Mpima_Ardhi_Mstaafu
Si mpangaji wa kodi. Ni mtu wa ukoo mwingine aliyepewa mahali pa kukaa na kulima na wenye ardhi, labda kwa sababu ya vita, njaa au ukwe. Waluo humwita jadak. Upimaji ulipofika, baadhi ya abamenya waliandikisha kipande kwa jina la mwenyeji ili wasifukuzwe. Vizazi viwili baadaye jina ni la mwenyeji, ardhi ni ya mwenyeji, na wajukuu wanaamini hivyo kwa moyo safi. Kinachowaumbua ni ndoa. Zamani Mluhya hakuoa ukoo wa babake wala wa mamake. Ukikuta familia A na B zimeoana na wazee wakala mahari bila kunung'unika, walijua si ukoo mmoja.

#18 Elureko_Asili
Hapo nakupinga kidogo, mzee wangu. Ukoo ukipanuka sana hugawanyika milango, na wazee wakishatangaza kwamba mlango fulani umekuwa mbali, ndoa huruhusiwa. Kwa hiyo ndoa moja ya 1970 haivunji udugu wa 1800. Ndoa ya 1910 ingekuwa na uzito zaidi.

#19 Mpima_Ardhi_Mstaafu
Nakubali hilo la miaka.

#20 Wakili_wa_Kijijini
Niendeleze ile namba ya kesi. Sheria ya mirathi, Sura 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Faili la mirathi lina barua ya chifu inayoorodhesha warithi, na kiapo cha fomu P&A 5 chenye orodha hiyo hiyo. Kwa marehemu mwenye wake wengi, kifungu cha 40 kinagawa mali kwa nyumba kufuatana na idadi ya watoto, na mke aliye hai anahesabiwa kama mmoja wa ziada katika nyumba yake. Matokeo yake faili linakuandikia nyumba ya kwanza, watoto hawa. Nyumba ya pili, watoto hawa. Hakuna shajara bora kuliko hiyo, na iliandikwa na watu waliokuwa tayari kugombana kwa kila jina.

Kabla ya kwenda mahakamani, pitia gazeti rasmi la serikali. Kila ombi hutangazwa humo na watu hupewa siku 30 za kupinga. Tangazo lina jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, tarehe ya kifo, na mwombaji ana uhusiano gani naye. Matoleo mengi yako mtandaoni na yanatafutika kwa neno. Tafuta Shiundu, kisha Shundu, Siundu, Sundu na Chiundu. Kichapishi hakina ukoo.

#21 KaratasiKuukuu
@Wakili uko sawa ila tahadhari mbili. Kwanza, usitegemee fomu hizo kwa babu aliyekufa 1949. Mirathi yake ilikuwa ya kimila na kama kuna karatasi ni za kesi za ardhi za mahakama za Waafrika. Pili, barua ya chifu huwaacha nje mabinti walioolewa, hasa faili za miaka ya 80. Ukifuata nasaba ya kukeni kwa faili hizo utadhani familia ilizaa wavulana watupu.

Na hiyo Sundu si kosa la chapa. Joseph Thomson alipopita 1883 aliandika mahali pale Kwa Sundu, na Askofu Hannington alitoka hapo 1885 kwenda kuuawa Busoga. Ni Shiundu yule yule, kwa masikio ya wapagazi wa pwani. Sasa mtego wenyewe: "Kwa Sundu" ni mahali. Ukikuta mtu ametajwa kuwa "wa Kwa Sundu", ni makazi yake hayo. Hajatajwa babake.

#22 Elureko_Asili
Hata jina la mji. Waingereza walisema mahali pa Mumia, wakabandika s ya umiliki, alama ya juu ikadondoka, ikabaki Mumias. Kwenye karatasi za miaka ya 1910 utaona Juma fulani "wa Mumia's". Mtu wa leo anasoma Juma wa Mumia, anaruka juu, kampata mwana wa mfalme. Kumbe ni mkaazi wa lokesheni, huenda hata ni mfanyabiashara wa kutoka Pangani.

#23 Mwanafunzi_wa_Milele
Alama moja ya juu imezaa wana wa wafalme wangapi jamani.

#24 Kapsabet_Juu
Kwetu Wanandi jambo hili ni jepesi zaidi na gumu zaidi. Arap Koech ni mwana wa Kipkoech, na Kipkoech ni aliyezaliwa alfajiri. Alfajiri huja kila siku, kwa hiyo akina Koech hawana babu mmoja. Ndiyo maana hatuulizani jina, tunaulizana ukoo. Mtu wa Talai, ukoo wa Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) Koitalel arap Samoei aliyeuawa Oktoba 1905, hajulikani kwa jina lake la mwisho kamwe. Na baada ya serikali kuwahamisha Talai wa Kipsigis kwenda Gwassi kwa sheria ya 1934, kutajwa ukoo huo hakukuwa sifa ya kujivunia mbele ya karani. Sijui kwa nini ninyi Waluhya mnaning'iniza ukoo kwenye jina wakati hata Wafula wenu ni mvua tu.

#25 Bukusu_Kamili
Wafula ni mvua, Simiyu ni kiangazi, Wanjala ni njaa. Kweli. Lakini Shiundu si msimu, ndiyo maana watu wana tumaini.

#26 DNA_na_Dengu
Nimesoma yote. Mbona hamtaji kipimo cha DNA? Mate kwenye chupa, wiki kadhaa, jibu. Binamu wa pili hushiriki wastani wa asilimia 3.125. Mchezo umekwisha.

#27 Daktari_Maabara
Haujaisha, umeanza vibaya. Hiyo 3.125 ni ya watu waliotoka kwa babu na bibi wale wale. Hapa mnazungumzia nyumba za wake tofauti, kwa hiyo gawa kwa mbili kila hatua ya juu ilipo ya baba mmoja mama mbalimbali. Wawili ambao Shiundu ni babu wa babu wa kila mmoja, kwa wake tofauti, watashiriki wastani wa 0.39. Ongeza kizazi kimoja, ni karibu 0.1, na hapo wengi hawatashiriki chochote kinachopimika ingawa ni ndugu kweli. Ukosefu wa mfanano si ushahidi wa ukosefu wa undugu.

Kipimo kinachofaa hapa ni cha kromosomu Y, inayopita kutoka baba kwenda mwana bila kuchanganyika. Wake wengi hawaiharibu, na hata mjane akirithiwa na ndugu wa marehemu mstari haukatiki. Chukua wanaume wawili wa familia A, wa matawi yaliyo mbali iwezekanavyo, na wawili wa B. Wawili wa A wasipolingana wao kwa wao, simama hapo, tatizo liko ndani ya A. Pima alama 37 angalau, 111 ni bora. Usiridhike na kuambiwa nyote ni kundi la E-M2. Kundi hilo limejaa Afrika nzima ya Kibantu, ni sawa na kuambiwa nyote mnakula ugali.

#28 DNA_na_Dengu
Kuna data ya Waluhya wa Webuye katika ule mradi wa jenomu 1000. Si tulinganishe nayo?

#29 Daktari_Maabara
Ipo, inaitwa LWK, lakini waliotoa damu hawana majina. Inafaa kujua Waluhya kwa jumla, haitakuambia nani ni mjukuu wa nani.

#30 Bibi_wa_Butere
Na yule Shiundu wangu wa kukeni? Hiyo Y yenu itamtupa nje na ndiye mwenye damu.

#31 Daktari_Maabara
Itamtupa, mama. Na mtunza ng'ombe yeyote wa Abashitsetse ambaye babu yake hakuwahi kukaribia kiti itamkaribisha, kwa sababu Y yake ni ile ile ya ukoo. Kipimo kinasema "mwanamume mmoja huko nyuma", hakisemi ni Nabongo yupi wala kama alikuwa Nabongo.

#32 Elureko_Asili
Basi tunarudi kwa wazee.

#33 KaratasiKuukuu
Wazee na vitabu vya ubatizo. Misheni ya Mill Hill ilifika Mumias 1904, ile ya Kianglikana ikafungua Butere 1912. Vitabu vya Wakatoliki ni vya Kilatini, lakini safu ni zile zile: namba, tarehe, jina, baba, mama, kijiji, msimamizi. Soma na safu ya msimamizi, mara nyingi ni jamaa. Ila nyumba ya Mumia yenyewe wengi walisilimu, kwa hiyo usipowaona kanisani usiseme hawakuwepo. Hao utawatafuta kwenye ndoa za kadhi.

Majalada ya wilaya yako Nyaraka za Taifa: mfululizo wa DC/NN (NN ni Nyanza Kaskazini), hasa DC/NN/1 kwa ripoti za mwaka na DC/NN/3 kwa kitabu cha siasa cha wilaya, ambamo maafisa waliandika koo na ugomvi wa machifu. Kumbuka makao makuu yalihama Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920. Na kumbuka aliyekuwa akimweleza afisa nasaba mara nyingi alikuwa mtu wa chifu. Wapinzani wa Wanga Mukulu hawakualikwa kwenye meza hiyo.

#34 Ja_Sakwa
Sasa umekubali kwamba Sakwa walidhulumiwa. Screenshot nimechukua.

#35 KaratasiKuukuu
Sakwa wa Wanga, si wenu!

#36 Njiapanda_Nakuru
Wadau asanteni. Kwa hao wa Nakuru, ambao wazee wao waliletwa na reli na mashamba ya Wazungu, nitaanza na ukoo wa mama na mahali alipozikwa babu wa kwanza. Swali dogo tu: babu akiwa amezikwa huku huku Bonde la Ufa, shamba la mwajiri, hilo shina si limekatika?

#37 Mpima_Ardhi_Mstaafu
Halijakatika. Uliza nani alipeleka habari ya kifo nyumbani, na alipokelewa boma la nani. Wakisema mgomba ulizikwa Matungu badala ya maiti, nitafutie namba ya kile kipande nikutazamie ramani.